Upanuzi wa vyuo uanze na karakana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie upanuzi wa vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, Mwalimu Nyerere akiwa amevutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, ili mtu mzima wa kijijini ajifunze kazi bila kudaiwa cheti. Leo viko 54 nchini. Sasa fedha za upanuzi zikipatikana, zianzie wapi?

Mimi nasema karakana. Mkuu wa chuo anahitaji ofisi, sikatai, lakini mwanafunzi wa uchomeleaji anayekaa kwenye foleni ya mashine kutwa nzima hajifunzi uchomeleaji.

Lipo pia suala la wasichana walioacha shule kwa ujauzito, ambao mpango wa Elimu Haba na Haba umewarudisha darasani kupitia vyuo hivi. Wanakuja na watoto wao. Bweni linalochorwa bila chumba cha watoto na maji ya uhakika linawaambia warudi nyumbani, hata kama tangazo la chuo linasema karibuni.

Kuhusu kozi, madarasa ya jioni yafikiriwe. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Wengi wao hawawezi kuacha kazi mchana. Walimu wa jioni watalipwa na nani? Swali hilo lijibiwe kabla ya kununua saruji.

Na ramani ibandikwe ofisi ya kata, tuione kabla mkandarasi hajaingia.

Mzazi na fundi seremala,
Morogoro