Kabla hujaongeza baruti, angalia mashimo yako

Simu nyingi tunazopokea kutoka kwa wachimbaji wa dhahabu wa Makongolosi, Matundasi na Itumbi huanza hivi: "Mwamba umekaza, hatusogei. Tuongeze baruti?" Sisi hapa Chunya tunakodisha kompresa, yaani mashine ya kubana hewa, pamoja na wachorongaji, vijana wanaotoboa mwamba mashimo ya kuwekea baruti. Baruti hatuuzi, na jibu letu karibu kila mara ni kwamba tuyaone mashimo kwanza.

Kuna duara moja (shimo la kushukia kwenye uchimbaji) tuliitwa, mwenyewe analipua kila siku na amekwisha kukata tamaa. Tulipiga alama ya rangi ukutani, kisha baada ya mlipuko tukapima kwa futi kamba. Vijana walikuwa wamechoronga mita 1.2, mwamba ukatoka sentimita 50. Zaidi ya nusu ya jasho lao ilibaki ndani ya jiwe. Baruti ilikuwa ya kutosha kabisa. Kilichokosekana ni nafasi: mwamba ukilipuliwa lazima uwe na pa kwenda, na pale kila shimo lilikuwa limeinama upande wake, katikati hakuna uwazi wowote.

Tukapanga upya. Katikati tulichoronga mashimo 5 yaliyosogeleana na kunyooka sambamba. Lile la kati likapakiwa baruti, manne yanayolizunguka yakaachwa tupu. Mlipuaji wao mwenye cheti akapanga milipuko ipishane, ya kati ianze, ya pembeni ifuate, ya ukutani imalizie. Safari ile mwamba ulitoka karibu mita nzima, na baruti iliyotumika ilikuwa pungufu ya jana yake.

Jambo la pili ni presha. Mtu ananunua kompresa Dar es Salaam, anaijaribu pale inapiga vizuri, akiifikisha huku mashine ya kuchoronga inalegea. Anadhani ameuziwa mbovu. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 presha ya hewa ya kawaida ni pungufu kwa takribani asilimia 16 ukilinganisha na pwani, kwa hiyo kompresa ileile inavuta hewa nyepesi. Ongeza mpira mrefu wa hewa unaovuja kwenye viungo, nguvu inayofika chini ni kidogo sana. Chagua kompresa kubwa kidogo kuliko ulivyoambiwa, na kaza viungo kabla ya kulaumu mwamba. Hewa ya kubanwa ndiyo iliyobadilisha kazi hii tangu 1861, ilipoanza kuendesha mashine za kuchoronga kwenye handaki la Mont Cenis kati ya Ufaransa na Italia. Handaki lililokadiriwa kuchukua miaka 25 lilifunguliwa 1871, miaka 14 baada ya kazi kuanza.

Maji yapite kwenye shimo muda wote. Yanatoa unga, yanapoza ncha, na shimo linakwenda haraka zaidi. Kubwa kuliko yote, yanazuia vumbi la mawe linaloharibu mapafu yasipone tena. Wachorongaji wetu hawachorongi kikavu, hata mteja akiwa na haraka.

Kuhusu moshi wa mlipuko hatubishani na mtu: usishuke kabla haujatoka. Ndani yake mna kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na imeua watu waliokimbilia kushuka kuona mali, yaani mawe ya dhahabu. Ukitaka kurudi chini mapema, shusha bomba la hewa hadi karibu na mwamba uliolipuliwa, lipulize hewa hadi moshi utoke. Na kamwe usichoronge ndani ya kitako cha shimo la jana, yaani kipande cha shimo kilichobaki mwambani: huenda baruti imelala humo bila kulipuka.

Zamani tulitoza kwa saa. Tumeacha, kwa sababu saa zilitunufaisha sisi hata duara lisiposogea. Sasa tunatoza kwa mita ya mwamba uliotoka, inayopimwa mbele yako kutoka alama ya rangi. Unapotupigia, tuambie kina cha duara, upana wake, kama lina maji, na namna mnavyotoa kifusi, kwa ndoo au kwa winchi. Kifusi kikitoka polepole, kukuongezea mashine ya kuchoronga ni kukulia hela, na tutakwambia hivyo.