Al-Kamil naye alikuwapo Mansura

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Vita vya Tano vya Msalaba, vita vya Wakristo wa Ulaya waliotaka kuitwaa Yerusalemu kutoka kwa Waislamu, nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Imeandikwa kwa lugha tamu, na ni nadra gazeti letu kutoa ukurasa mzima kwa mambo ya karne ya 13. Ila mwandishi alipofika kwenye swali la nani abebe lawama, alimtwisha kardinali Pelagius, mwakilishi wa Papa jeshini, mzigo wote: mkaidi, hajui vita, kamdharau mfalme, kalipeleka jeshi likafie majini. Hukumu hiyo ni ya siku nyingi, na mwandishi wenu si wa kwanza kuitoa. Naomba nafasi niipinge, maana inasimulia vita kana kwamba upande wa pili hakukuwa na watu.

Nianze na jeshi lenyewe. Papa Innocent III aliitisha vita hivyo mwaka 1213 akafariki 1216, hata kabla meli hazijatweka tanga. Mfalme Andrew II wa Hungary alifika Akka, bandari ya wanamsalaba huko Palestina, 1217 na Januari 1218 akafunga safari ya kurudi kwao. Waliobaki walihamia Misri mwezi Mei mwaka huo, wakapiga kambi ng'ambo ya mji wa Damietta, pale mkono wa mashariki wa Nile unapokaribia bahari. Hesabu yao ilikuwa kwamba atakayeishika Misri ataipata na Yerusalemu. Hesabu si mbaya. Tatizo ni kwamba askari wale walikuwa mahujaji walioweka nadhiri, na nadhiri ikishatimizwa mtu yuko huru kupanda meli. Kila msimu wa safari kundi jipya liliingia na la zamani likaaga. Mwandishi ametukumbusha kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, akimaanisha Pelagius na John wa Brienne, mfalme wa Yerusalemu. Zizi lile lilikuwa na mafahali wengi kuliko hao: Wafaransa, Wajerumani, Waitaliano wenye meli, Watemplari na Wahospitali, yaani watawa wapiganaji wenye ngome zao Syria, na juu ya wote kaisari Frederick II, aliyeahidi kuja tangu 1215 na kila mwaka akangojwa.

Huyo John ndiye makala inamlilia. Alichaguliwa kuongoza jeshi 1218, sawa, na kwa vita vya ana kwa ana alikuwa hodari. Lakini ufalme wake ulitokana na mke. Mke alishafariki, na John alikuwa akimshikia kiti binti yao mdogo. Mapema 1220, jeshi likiwa ndani ya Damietta na halijui liende wapi, aliondoka kwenda kudai kiti kingine, cha Armenia Ndogo, kwa haki ya mke wake wa pili. Alirudi Julai 1221. Mwandishi amelipitisha jambo hilo kwa nusu sentensi. Kamanda aliyeacha jeshi lake zaidi ya mwaka mzima, kisha akarudi wiki moja au mbili kabla ya safari na kusema safari ni mbaya, alikuwa sahihi kuhusu safari. Kwamba hakusikilizwa hainishangazi.

Tuje kwenye lile pendekezo la amani. Mwaka 1219, Damietta ikiwa bado imezingirwa, sultani al-Kamil wa Misri alikubali kutoa Yerusalemu na karibu nchi yote iliyokuwa ya ufalme wa zamani, pamoja na miaka 30 ya kusitisha vita, mradi jeshi liondoke Misri. Kwa makala yenu, kardinali aliyekataa hapo alikuwa ametupa ushindi jalalani. Ni kweli John, Wafaransa na Wajerumani walitaka kukubali. Waliokataa pamoja na kardinali ni akina nani? Watemplari na Wahospitali, watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa vita katika nchi hiyo hiyo, na Waitaliano waliokuwa wakiipigia hesabu bandari ya Damietta. Sababu ya hao watawa wapiganaji ilikuwa ya kijeshi kabisa. Pendekezo liliacha nje ngome za Kerak na Shaubak, ng'ambo ya mto Yordani, ambazo ndizo zinazotazama njia kati ya Misri na Syria. Tena kuta za Yerusalemu zilikuwa zimeshabomolewa mwaka huo huo kwa amri ya al-Muazzam wa Damascus, ndugu yake al-Kamil. Mji usio na ukuta, na adui ameshika njia: ungekaa nao kwa muda gani? Mimi nadhani wangekubali hata hivyo, maana walichoapia ni Yerusalemu na si Damietta. Lakini siwezi kumwita mjinga aliyeona vingine.

Na hapo ndipo nataka mwandishi amtazame vizuri huyo al-Muazzam. Kuta zile hazikubomoka zenyewe. Aliubomoa mji wake mwenyewe, mji mtakatifu kwa Waislamu pia, na wakazi wengi wakaukimbia, ili ukija kutolewa upokewe ukiwa mtupu.

Miezi michache kabla ya pendekezo hilo, mambo kwa al-Kamil yalikuwa yameharibika kabisa. Baba yake, al-Adil, alifariki Agosti 1218, siku chache baada ya wanamsalaba kuuteka mnara wa katikati ya mto uliofungiwa mnyororo wa kuzuia meli. (Mnara huo ulitekwa kwa buni ya Oliver wa Paderborn, mhubiri na mwandishi wa kumbukumbu za vita hivi: merikebu mbili zilizofungwa pamoja, juu yake ngome ya mbao na daraja la kushusha. Makala haikumtaja kabisa, na inasikitisha.) Kisha Februari 1219 sultani mpya alipata habari kwamba amiri mmoja, Ibn al-Mashtub, anapanga kumwondoa na kumweka mdogo wake. Usiku ule ule alitoroka kambini. Asubuhi askari wakaamka, sultani hayupo. Wakaacha mahema, chakula na silaha, wakamfuata. Wanamsalaba walivuka mto bila kupigana na kuikuta kambi imekaa kama duka lililoachwa wazi.

Kwa jeshi lolote, hapo ni mwisho. Al-Kamil alifikiria hata kukimbilia Yemen. Kilichomwokoa ni kwamba ndani ya siku chache al-Muazzam alifika kutoka Syria, akamtoa Ibn al-Mashtub kambini na kumpeleka mbali, na nduguye akakaa tena kitini. Mji ulianguka hata hivyo, Novemba 1219, kwa njaa na maradhi. Walioingia walikuta maiti mitaani na majumbani. Al-Kamil akarudi nyuma hadi pale mfereji unapoachana na Nile, akajenga kambi ya kudumu iliyokuja kuwa mji wa Mansura, akasubiri. Alisubiri zaidi ya mwaka na nusu.

Julai 1221 wanamsalaba wakatoka. Uamuzi huo nao haukuwa wa kardinali peke yake: Ludwig, mtawala wa Bavaria, aliyetumwa na kaisari, aliusukuma, na askari wa kawaida walikuwa wamechoka kukaa. Kulikuwa pia na uvumi kwamba mfalme Mkristo aitwaye Daudi anakuja kutoka mashariki akiwapiga Waislamu. Aliyekuwa akija alikuwa Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia, naye hakuwa na habari na Ukristo. Wakafuata ukingo wa mashariki, meli zikienda sambamba nao mtoni, hadi kwenye pembe kati ya Nile na mfereji, mkabala na kambi ya sultani.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hupenda kusema kwamba Nile ni maji yetu. Kweli, lakini mafuriko ya Julai hadi Septemba hayatoki Ziwa Victoria. Yanatoka mvua za milima ya Ethiopia kupitia Nile ya Bluu, na kabla ya Bwawa Kuu la Aswan yalikuja kila mwaka. Mwandishi ameyaita "bahati mbaya". Kila mkulima wa Misri aliijua kalenda hiyo. Njiani wanamsalaba walikuwa wamepita mdomo wa mfereji mmoja upande wa magharibi bila kuulinda. Maji yalipopanda, al-Kamil alipitisha meli zake humo, zikatokea Nile nyuma ya wavamizi, na Damietta ikakatika. Ndugu zake wawili, al-Muazzam na al-Ashraf, wakafunga njia ya nchi kavu. Huyo al-Ashraf alikuwa ameitwa tangu zamani na hakuja, kwa kuwa alikuwa na ya kwake huko kaskazini. Safari hii alikuja.

Usiku wa Agosti 26 wanamsalaba wakaanza kurudi nyuma. Divai iliyokuwa haibebeki askari waliona heri wainywe, na mahema yakachomwa moto, kwa hiyo adui akajua papo hapo. Halafu kingo za mifereji zikafunguliwa. Watu waliolewa, gizani, matope yamewafika magotini, ndivyo walivyokutwa. Siku chache baadaye ilikubaliwa Damietta yote irudishwe kwa al-Kamil, miaka minane ya kusitisha vita ikaandikwa, na Pelagius, John na Ludwig wakakaa rehani kwake hadi mji ukabidhiwe. Wakati wakisubiri, sultani aliwapelekea wale wenye njaa chakula. Oliver, aliyekuwamo, alimwandikia baadaye barua ya kumshukuru.

Hayo yote ni kazi ya mtu. Pelagius alikosea kuhusu maji, John alikosea kuondoka, Frederick alikosea kutokuja, na yote hayo yangeweza kusameheka mbele ya adui aliyegawanyika kama wa Februari 1219. Miaka miwili baadaye hakuwa amegawanyika tena. Baada ya vita ndugu hao waligombana vibaya, kiasi kwamba 1229 al-Kamil alimpa Frederick Yerusalemu kwa mkataba tu. Umoja wao ulidumu kipindi kile kile ulipohitajika.

Mmeahidi sehemu ya pili, kuhusu Louis IX wa Ufaransa aliyeiteka Damietta Juni 1249. Mtaona kwamba alikuwa amejifunza nusu ya somo: alikaa mjini hadi Novemba, maji yaliposhuka, ndipo akatoka. Nusu nyingine hakujifunza. Wamisri walibeba mashua kwa ngamia, wakaziteremsha mtoni nyuma yake, na chakula kikakatika vile vile. Aprili 1250 akawa mateka. Tafadhali mwandishi asimalize nafasi yote kwa Robert wa Artois, nduguye mfalme, aliyekimbilia ndani ya Mansura na kuuawa humo. Ampe nafasi Shajar al-Durr, aliyeficha kifo cha mumewe sultani Novemba 1249 huku amri zikiendelea kutoka kwa jina la marehemu, hadi mrithi alipofika.

Na ramani, Mhariri. Ile mliyochapa ina Nile kama mstari mmoja mnyoofu kutoka Cairo hadi baharini. Chorea mifereji, hasa ule wa Mansura na ule wa magharibi, na muandike miezi ya mafuriko pembeni.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Mwanza