Mwanangu, funika jina la Zuhura

Mwanangu Mwanaidi,

Barua yako imefika, nasi huku wazima. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, unisamehe. Umeandika: "Matron gave Zuhura and I new blankets." Najua ulikoitoa hiyo "and I". Darasa la sita ulikuwa ukisema "Me and Zuhura went", mwalimu akapiga wino mwekundu, ukaapa "me" hutaigusa tena. Sasa unaikimbia hata inapostahili.

Hebu weka kidole gumba juu ya "Zuhura and". Kinachobaki ni "Matron gave I". Sikio lako lenyewe litakataa. Jaribu na ile ya zamani: "Me went". Basi.

Wala jambo hili si geni kwako. Ukisema "anamwita", a- ni anayeita na -mw- ni anayeitwa. Hakuna mtoto hapa Pangani anayezichanganya. Sisi kazi hiyo tumekipa kitenzi, "yeye" akabaki yuleyule, aite au aitwe. Kitenzi cha Mwingereza hakibebi mzigo huo, hivyo kinachogeuka ni kiwakilishi: "he" anaita, "him" anaitwa. Zamani hata nomino zake ziligeuka. Leo yamebaki maneno sita tu, I, he, she, we, they na who. "You" nayo ilikuwa ya mtendwa, mtenda akiwa "ye". Biblia yao ya 1611 bado inazitenga: "ye shall know the truth, and the truth shall make you free." Baadaye "you" ikatwaa nafasi zote mbili, na hakuna aliyeumia.

Tena nikuchekeshe. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, Antonio anamwandikia rafiki yake kwamba madeni yamefutika "between you and I". Kosa lako hilohilo! Yeye kaachiwa, wewe msahihishaji hatakuachia, kwa hiyo baada ya "between" andika "me". Ila ukibisha hodi kwa mtu usijitie "It is I". Waingereza wenyewe husema "It's me".

Sabuni na madaftari nampa dereva wa basi la Ijumaa. Blanketi la Zuhura lisije likakaa kitandani kwako.

Mama yako