Nipe wiki moja tushuke na mto Potomac

Silver Spring, Maryland

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu.

Uliponiandikia kwamba baiskeli umeifungia stoo tangu daladala likusukume mtaroni pale Barabara ya Bagamoyo, niliumia kweli. Wewe ndiye uliyenifundisha kuziba pancha na kukaza cheni, na alfajiri zetu za kwenda Bunju bado nazikumbuka. Sasa kwa kuwa viza imetoka na mwezi wa kumi utakuwa kwa dada yako Baltimore, nina ombi: mwambie akukopeshe kwangu kwa wiki moja. Tutapanda treni Washington na baiskeli zetu hadi Cumberland, milimani huko magharibi ya Maryland, halafu turudi tukipiga pedali, kilomita 297, kando ya mfereji wa zamani uitwao Chesapeake and Ohio.

Njia tutakayopita ilikuwa ya nyumbu. Mashua za makaa ya mawe zilikokotwa na nyumbu waliotembea ukingoni, kamba ikiwa imefungwa kati yao na mashua, kwa hiyo walijenga njia pana, iliyoshindiliwa, isiyo na mwinuko wa kumtesa mnyama. Leo ni udongo mgumu na changarawe, msitu pande zote, na mto Potomac unauona upande mmoja kati ya miti. Kutoka Cumberland hadi Washington njia inashuka mita 184 tu, na mteremko wenyewe umekusanyika kwenye vyumba 74 vya mawe vyenye malango mbele na nyuma. Mashua ilipoingia, walifunga lango nyuma yake na kutoa maji taratibu, ishuke hadi usawa wa chini, kisha wakaifungulia mbele. Ukiwa juu ya baiskeli, kila ukifika kwenye lango unasikia gurudumu linakimbia lenyewe kidogo, halafu tambarare tena kwa kilomita kadhaa. Ndiyo maana nasisitiza tuanzie Cumberland. Wapo wanaopanda kutoka Washington, lakini sioni sababu ya kuukataa mteremko tuliopewa bure.

Magari hayaruhusiwi. Utaona gari la wahudumu wa hifadhi mara mojamoja, na kuna mahali njia inakatiza barabara ndogo, basi. Siku ya kwanza utageuza shingo kila dakika ukidhani kuna kitu kinakuja nyuma. Kesho yake shingo inatulia, na hapo ndipo utaanza kusikia: kasa wakijitupa majini kutoka kwenye magogo, kigogota akigonga mti, changarawe chini ya tairi. Tutaweza kwenda sambamba tukizungumza, tena kwa sauti ya kawaida. Tukiona waenda kwa miguu tunapiga kengele, tunapunguza mwendo na kukaa mmoja nyuma ya mwingine.

Na usifikiri njia hii ilibaki hivi kwa bahati. Kazi ya kuchimba ilianza tarehe 4 Julai 1828, siku ileile reli ya Baltimore and Ohio nayo ilipoanza kujengwa. Wachimbaji wengi walikuwa Waayalandi, na kipindupindu cha 1832 kiliwaua wengi. Reli ilifika Cumberland 1842, mfereji ukafika 1850 ukiwa umekwisha kushindwa mbio. Hata hivyo mashua ziliendelea hadi mafuriko ya 1924. Mwaka 1938 serikali iliununua, na vijana Wamarekani Weusi waliopiga kambi karibu na Cabin John ndio waliofukua na kukarabati sehemu ya chini. Kisha ukaja mpango wa kuufanya barabara ya magari. Gazeti la Washington Post likauunga mkono, Januari 1954. Jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, William O. Douglas, akaliandikia gazeti akiwaalika wahariri watembee naye njia nzima kabla ya kuamua. Wakaja! Waliondoka Cumberland mwezi Machi, wengine wakaachia njiani, na waliofika mwisho kwa miguu walikuwa tisa, jaji akiwa mmoja wao. Gazeti likabadili msimamo, na mwaka 1971 mfereji wote ukatangazwa hifadhi ya taifa. Kila nipitapo pale namshukuru mzee yule, kwa sababu lami ikishamwagwa haiondoki.

Sehemu nitakayofurahi zaidi kukuonyesha ni handaki la Paw Paw. Lina urefu wa mita 950, lilichukua miaka 14 kumalizika, na ndani ni giza tupu. Hapo tutashuka tukokote baiskeli, kwa hiyo leta tochi ya kichwani. Chini ya mji wa Williamsport kuna mahali mainjinia walishindwa kuchimba kwa sababu ya majabali, wakaziachia mashua zipite mtoni nyuma ya bwawa. Njia ya zege imebanwa kati ya ukuta wa mwamba na maji, na asubuhi mto unakuwa umetulia kabisa. Nina hakika utataka kusimama pale kwa muda mrefu, nami sitakuharakisha. Tutavuka pia Harpers Ferry, mji ambao John Brown aliuvamia 1859 kupinga utumwa. Karibu na Washington watu ni wengi mno mwishoni mwa wiki, tutapita tu.

Usiku tutalala kwenye kambi zilizopangwa kando ya njia. Hazilipiwi. Kila moja ina choo, meza na pampu ya maji, ingawa majira ya baridi yakianza pampu hufungwa. Hema ninalo. Mvua ikinyesha sana tutapumzika kidogo katika mji wa Hancock, maana matope ya njia ile hunasa kwenye breki na madigadi hadi gurudumu likatae kuzunguka. Vaa soksi ndefu kwa ajili ya kupe, na ukiona mmea wenye majani matatumatatu usiuguse, unawasha kama upupu.

Usibebe baiskeli yako kwenye ndege. Ile ya tairi nyembamba haitafaa, na gharama ya kuisafirisha ni kubwa. Nitakutafutia yenye tairi la milimita 40 au zaidi, na kereya ya kufungia mizigo. Nipimie urefu wa mguu kwa ndani, kutoka nyongani hadi sakafuni, ukiwa peku, unitumie kwa sentimita. Niambie pia tarehe utakayotua, maana nafasi za baiskeli kwenye treni ni chache na lazima niziwekee oda mapema.

Msalimie mama sana.

Ni mimi, swahiba wako