Barua kwa mwanangu aliye Kisumu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku Mumias tu wazima. Mtoto ameota meno mawili ya chini na anauma kila kinachomkaribia, hata kidole changu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Juzi nilipogusia tu habari ya mwanao kupata chanjo ya malaria ukasema abiria amepanda, ukakata. Mke wako alikuwa ameketi kando yangu na kijitabu cha kliniki mapajani. Akakirudisha kwenye mkoba, akaenda kuanua nguo.

Najua hasira yako ilianzia wapi. Mwaka 2021 ndio kwanza ulikuwa umeshika boda, kafyu inawakimbiza stejini kabla ya jioni kuleta pesa. Halafu mwezi wa Novemba waziri wa afya akatangaza kwamba kuanzia 21 Desemba asiyechanjwa korona hatahudumiwa katika ofisi za serikali. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo, nami nilifurahi. Mtu hachanjwi kwa kutishwa. Ila tangu wakati huo umezitia sindano zote kapu moja, na sasa anayedaiwa deni la kafyu ni mtoto wa miezi saba ambaye hata hakuwa amezaliwa.

Kuhusu kliniki yenyewe, sikubishii sana. Mke wako alitembea na mtoto mgongoni jua likiwaka, akaambiwa arudi wiki ijayo kwa kuwa watoto waliofika ni wachache. Ukaniuliza: kama chanjo ina maana, mbona wanafukuza watu? Swali zuri. Jibu lake ni kwamba chupa moja ya chanjo ya surua ni ya watoto 10, na ile ya kifua kikuu ni ya watoto 20. Ikishachanganywa ni lazima itumike ndani ya saa 6, na inayobaki inamwagwa. Ndiyo maana manesi wengine husubiri watoto wajae au hupanga siku moja ya wiki. Nesi yule angemweleza mke wako hivyo, lisingekuwapo la kunung'unikia. Hakueleza, alisema "rudi wiki ijayo" huku ameinamia daftari. Mimi naamini nusu ya uvumi hapa kijijini imezaliwa kwa majibu ya namna hiyo, kuliko hata hizo video mnazotumiana WhatsApp.

Halafu kuna lile uliloliona kwa macho yako ulipokuja Idi. Nesi alichukua vichupa viwili vilivyobanwa pamoja, akavuta maji ya kimoja akayatia kwenye unga wa kingine, akatikisa, akamdunga mtoto wa watu. Ukarudi nyumbani unasema wanapika dawa mbele ya watu bila aibu. Mwanangu, chanjo ya malaria huja hivyo kutoka kiwandani. Kichupa kimoja kina unga wa chanjo, cha pili kina kimiminika cha kuuamsha mwili uiitikie. Vikichanganywa vinatosha watoto wawili. Na kama unashuku kwamba imeharibika kwa joto, chupa nyingi za chanjo zina alama ndogo ya duara yenye mraba ndani yake. Kadiri joto linavyoingia, mraba huo huwa mweusi. Ukishafanana rangi na duara, hiyo ni ya kutupa. Mwombe nesi akuonyeshe kabla hajavuta. Wewe hukubali kujaziwa petroli bila kuangalia mita, basi na hapo angalia.

Unasema wanatufanyia majaribio sisi Waafrika. Ndiyo, ilijaribiwa Afrika, tena huku kwetu: Siaya, na Kombewa hapo karibu na wewe, na Kilifi kule pwani. Kuanzia 2009 hadi 2014, watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Sasa ingejaribiwa wapi? Huko Ulaya wangeipima kwa mbu gani? Majaribio hayo yalipoisha, Malawi na Ghana zikaanza kuitoa kliniki mwaka 2019, na sisi tukafuata Septemba mwaka huohuo, tukianzia Homa Bay. Zikachaguliwa kaunti 8 za huku, Kakamega yetu ikiwemo. Miaka miwili baadaye, ndipo Shirika la Afya Duniani likapendekeza nchi nyingine zenye malaria nyingi ziitumie. Katika maeneo yale ya mwanzo ya nchi zote tatu, vifo vya watoto wa rika la chanjo vilipungua kwa asilimia 13. Hao ni watoto waliobaki majumbani kwao.

Sitakudanganya kwamba inamaliza malaria. Inapunguza. Mtoto aliyepata dozi zote nne bado anaweza kuugua, na neti lazima iendelee kushushwa kila jioni. Siku ya sindano anaweza kupata joto usiku na kulia. Lakini sisi tunakaa kwenye ukanda wa ziwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea vya malaria katika damu ya watoto 19 kati ya kila 100 waliopimwa huku, na nchi nzima ni 6 tu. Mtu wa Nyeri, kule kwenye baridi na malaria chache, akiniambia haoni haja yake, nitamwelewa. Wewe umekulia hapa.

Tena wewe! Hukumbuki, ulikuwa hujafika miaka mitatu. Ulishikwa na degedege alfajiri, macho yakageuka meupe, meno yakakazana. Hospitalini walisema damu imekwisha mwilini, mjomba wako akatolewa yake. Mkono wako ulikuwa mwembamba mno, wakaufunga kwa kipande cha boksi na plasta ili usiukunje ukang'oa dripu. Siku ya pili ulipopata nguvu kitu cha kwanza kuomba ni hicho kiboksi kifunguliwe, unakigonga ukutani, wodi nzima haipati usingizi. Wakati ule chanjo hii haikuwapo. Ingekuwapo, nisingemwuliza mtu.

Na hilo la kufungwa kizazi, ambalo marafiki zako wa stejini wanalishikilia, si jipya. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walilalamika hadharani kuhusu chanjo ya pepopunda, wakasema imetiwa kitu cha kuzuia mimba. Serikali ikakanusha, watu wakagawanyika. Mimi niliposikia nilicheka. Sindano ya pepopunda nimedungwa katika kila mimba yangu, na bado mkaja watano, wa mwisho nikiwa nimeshachoka. Mkinipa ushahidi mwingine nitausikiliza.

Nikuambie habari ya kijana mmoja wa Merca, Somalia. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, miaka 23, rika lako. Oktoba 1977 gari lilikuja na wagonjwa wa ndui likitafuta njia, akapanda kuwaelekeza, safari ya dakika chache tu. Yeye alikuwa amekwepa chanjo kwa kuogopa uchungu wa sindano, ingawa alifanya kazi hospitalini humo. Akapata ndui. Akapona, na hakuna mtu mwingine aliyeipata kutoka kwake, maana watu waliomzunguka walitafutwa na kuchanjwa. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida. Uzeeni alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi wazazi wapeleke watoto kwa chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyompata. Alifariki 2013 katika kazi hiyohiyo, na kilichomuua ni malaria. Nikifikiria hilo huwa naudhika, sijui kwa nini hasa.

Jambo la dadako sitaki tulijadili. Nimesikia ulimwambia akimbie manesi wakija shuleni. Chanjo ile ni ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake zaidi ya 3,000 Kenya kila mwaka. Hilo ni langu na babako, tumeshalimaliza. Ameshadungwa.

Wa kwako ni wako. Sitampeleka mtoto kwa kujificha, ingawa wapo watu hapa wamenishauri hivyo. Dozi ya kwanza ilikuwa apewe alipotimiza miezi sita, bado hajachelewa sana. Siku ya chanjo ni Jumanne. Njoo Jumatatu jioni, hata ukirudi Kisumu kesho yake mchana. Yule nesi mnene wa siku hizi anapenda kuulizwa, si kama yule wa kwanza. Njoo na maswali yako yote umwulize mbele ya mke wako, nami nitanyamaza, naahidi.

Ukikosa nafasi, basi mpigie mke wako kabla ya siku hiyo. Amekuwa akiniuliza mimi umesema nini, nami sina la kumjibu. Ukikubali au ukikataa, mwambie mwenyewe.

Mamako.