Samaki wa dhahabu kupungua bwawani sio mwisho wa kazi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu samaki wa dhahabu, wale wa mapambo wanaofugwa nyumbani, kuzaana kwenye mabwawa ya mijini, naomba nafasi kidogo maana pale mlipoandika kwamba tatizo limekwisha kwa sababu wamevuliwa wengi, sikubaliani kabisa, na naogopa watu wakiamini hivyo hela ya ufuatiliaji itakatwa mapema mno.

Hesabu yenyewe kwanza. Wakubwa ndio wananaswa kirahisi, vile vidogo vinapenya kwenye matundu ya nyavu ama vinajificha kwenye majani, kwa hiyo ukivua mara moja ukapata wachache umejua tu wakubwa wamepungua, vitoto hujui viko vingapi. Na vitoto ndio habari yenyewe! Jike mmoja anataga mayai maelfu kwa maelfu, tena zaidi ya mara moja kwa msimu, sasa ukishatoa wakubwa wengi wale waliobaki wanapata chakula tele na nafasi tele, vitoto vingi vinapona, baada ya misimu michache mko pale pale. Ziwa Sorell kule kisiwa cha Tasmania, Australia, ingawa si la mjini, linaonesha hili vizuri: karpi, ambao ni ndugu wa karibu wa hawa, waligunduliwa 1995 wakavuliwa kwa miaka mingi hadi wakawa wa kutafutwa, halafu 2009 wachache waliobaki wakapata msimu mzuri wa kutaga na ziwa likajaa vitoto upya.

Mabwawa ya mjini yana shida yake ya ziada. Mengi ni ya kupokea maji ya mvua, kina kifupi, uchafu wenye mbolea unaingia kutoka kila mtaro, oksijeni ikiisha samaki wenyeji wanakufa na huyu wa dhahabu anabaki, maana mwili wake ukikosa oksijeni unaweza kutengeneza pombe na kuitoa kwenye matamvua, kitu ambacho samaki wengi hawawezi. Hao wenyeji waliokufa ndio walikuwa wanakula mayai. Watafiti wa Minnesota, Marekani, waliofuatilia karpi waliliona hilo, kwamba vitoto vinapona zaidi kwenye maji ambayo samaki wanaokula mayai wamekufa wakati wa baridi kwa kukosa oksijeni. Kwa hiyo mnaweza kuvua mpaka mchoke, kama wenyeji hawajarudi mnafungua tu nafasi.

Na kuna watu wanaendelea kumwaga samaki wa nyumbani bwawani wakidhani wanawahurumia. Mwaka 2015 bwawa moja huko Boulder, Colorado, Marekani, lilikutwa na samaki wa dhahabu kama 3,000 hadi 4,000, na maofisa walidhani chanzo ni wachache tu walioachiwa na mtu. Pale ndege aina ya mwari walitua wakawala, lakini huwezi kupanga kazi kwa kusubiri ndege.

Ninachoomba, mkiandika tena mtuambie walivuliwa kwa njia gani, mwezi gani, matundu ya nyavu yalikuwa na ukubwa gani, na vitoto vya mwaka huo vilionekana au la, halafu mwakani mrudi na hesabu iliyofanywa kwa njia ile ile. Mabomba yanayounganisha bwawa moja na jingine nayo muyaulizie, maana samaki wanapita humo.

Msomaji wenu