Mapenzi kwenye ushairi siyo uhuni

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari moja hapa Dodoma, naomba nafasi kidogo maana kuna kitu kimenikaa rohoni tangu wiki iliyopita.

Nilikuwa nafundisha dhamira ya mapenzi, ushairi, kidato cha tatu. Sasa ukitaja tu mapenzi darasani madogo wanaanza kucheka na kusukumana, ukiuliza swali wanakukaririshia "mapenzi ya dhati" basi, ya mtihani hayo. Nikawaambia kila mtu aje na magazeti ya zamani, boksi na kipande cha kanga iliyochakaa, gundi tukapika wenyewe ya unga wa ngano, wakakata picha na maneno wakabandika, ile wanaita kolaji, halafu chini yake kila mmoja atunge ubeti.

Tulianza na shairi la Shaaban Robert la kumlilia mkewe Amina. Binti mmoja akachukua picha ya harusi gazetini, akamkata bibi harusi akamtoa, akabandika iliyobaki, yaani bwana harusi kashika shimo. Darasa zima kimya. Miaka yote naandika ubaoni maana ya taswira hawaelewi, huyu kaelewa kwa mkasi!

Utenzi wa Mwana Kupona nao, wa 1858, mama mgonjwa anamuusia binti yake, ingawa wasichana wangu waligoma kabisa na yale ya kumnyenyekea mume, tulibishana mpaka kengele.

Halafu kuna kijana wa huko Chamwino yeye kabandika ndoo na miguu peku tu, akaandika:

Mama yangu ametoka, na ndoo yake kichwani,
Jogoo hajaamka, nami bado kitandani.

Mizani nane kwa nane, vina vimekaa. Akaniuliza, ticha, kwani hayo nayo ni mapenzi? Nikamwambia we unaonaje, hakujibu, ila siku hiyo hakucheka tena.

Sasa kazi tukazibandika ukutani, akaja mzazi mmoja akaona neno MAPENZI kwa wino mwekundu, huyoo kwa mkuu, ati tunafundisha watoto uhuni, tukaambiwa tubandue zote. Na ile ndoo nayo ikabanduliwa, hivi kuna aliyeisoma kweli? Wakati watoto haohao wanapanda daladala asubuhi na jioni humo ndani nyimbo zinazopigwa hata mimi mtu mzima naangalia dirishani.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye ukurasa wa mashairi mnachapa malenga wakubwa tu, watengeeni wanafunzi hata kona, nitawatumia ya kwetu. Na magazeti yanayobaki bila kuuzwa msiyatupe, yapakieni kwenye basi, tutayafuata wenyewe stendi pale Nanenane. Mikasi tunayo.

Mwalimu wa Kiswahili,
Dodoma